Hija ya kundi: yanayosemwa na yalivyo

"Visa ni visa, mradi umeingia Saudia."

Visa ya utalii au ya kutembelea ndugu inakuruhusu kufanya Umra, ile hija ndogo. Haikuruhusu kuhiji. Hija ina visa yake na kibali chake, na hujaji hupewa kadi rasmi ya utambulisho, ya Nusuk, anayotembea nayo Makka na kwenye maeneo ya ibada. Mwaka 2025 faini ya kujaribu kuhiji bila kibali ilitangazwa kufikia riyali 20,000.

Faini si kubwa kuliko yote. Asiye na kibali hana hema katika bonde la Mina, hana basi la kumpeleka uwanja wa Arafa, hana kiyoyozi cha kumrudishia pumzi. Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, wakafariki watu 1,301, na serikali ya Saudia ilisema asilimia 83 yao hawakuwa na kibali. Kabla ya kumalizia malipo, mwambie kiongozi wa kundi akuonyeshe aina ya visa iliyoombwa. Akijibu "tutapanga tukifika", chukua pesa zako.

"Chanjo ni sindano ya wiki ya safari."

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayotakiwa ni ile ya aina nne, A, C, W na Y, na iwe imepita angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti kiandike aina hizo, maana cheti cha "uti wa mgongo" peke yake huzua maswali uwanja wa ndege. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano anahitaji na cheti hicho, nacho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kadi ya zamani ya homa ya manjano usiitupe, kwani tangu 2016 inakubalika maisha yote.

"Ihramu ni zile shuka mbili, na kitu chochote chenye uzi ni haramu."

Hapa ndipo palipojaa maneno. Ihramu ni nia ya kuingia kwenye ibada, na shuka ni vazi la mwanamume aliye katika hali hiyo. Ukizivaa nyumbani bila nia hujaingia, na ukizivua kuoga hujatoka. Kwa hiyo kubadilisha shuka iliyochafuka kunaruhusiwa, na ndiyo sababu ya kubeba jozi mbili: moja nyepesi ya pamba kwa mchana, moja nzito ya taulo kwa usiku wa Muzdalifa, ambako watu hulala chini, nje.

Kilichokatazwa kwa mwanamume ni nguo iliyoshonwa kufuata umbo la mwili: shati, suruali, kanzu, chupi, pamoja na kufunika kichwa kwa kofia au kilemba. Mkanda wenye mfuko wa pesa, ndara zenye mshono, saa na miwani havina tatizo, hata vikiwa na uzi. Mwavuli pia, kwa sababu haugusi kichwa. Mwanamke anavaa nguo zake za kawaida za stara, rangi yoyote, bila nikabu wala glavu.

Kinachowaponyoka wengi ni manukato, nayo yamekatazwa ukiwa katika ihramu. Sabuni isiyo na harufu wanakumbuka kuinunua, halafu kwenye begi wana vitambaa vya kujifutia vinavyonukia marashi. Soma pakiti.

Na ile desturi ya kuacha bega la kulia wazi ni ya tawafu (kuizunguka Kaaba) ya kufika tu. Wako wanaolianika bega siku nzima, linaungua jua, na wanasali hivyo hivyo.

Ndege ikienda moja kwa moja Jeddah, shuka zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mikati, mpaka wa kutilia nia, inapitwa angani, na sanduku liko tumboni mwa ndege. Kundi linaloanzia Madina halina haraka hiyo, kwani linatia nia Dhul-Hulaifa, pale wenyeji wanapopaita Abyar Ali, likiwa njiani kwenda Makka.

"Kuna mabasi, mazoezi ya nini?"

Mabasi yapo, na msongamano upo. Safari saba za sai, kwenda na kurudi kati ya vilima vya Safa na Marwa, peke yake ni karibu kilomita 3, juu ya marumaru, mara nyingi peku. Tawafu ya ghorofani ni ndefu mara kadhaa kuliko ya chini. Kisha kuna kutoka hemani Mina hadi Jamarati, kwenye nguzo zinazopigwa kokoto, na kurudi, siku tatu au nne mfululizo.

Anza kutembea miezi miwili kabla, dakika 20 kwa siku, ukiongeza hadi dakika 90 bila kupumzika, ukiwa na ndara zile zile utakazosafiri nazo. Ndara mpya zilizofunguliwa Makka hutoa malengelenge siku ya kwanza. Wanaume huchubuka mapajani, kwa kuwa chini ya shuka hamna nguo ya kutenganisha ngozi. Paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu kabla ya kutembea. Ukishachubuka, yatapunguza makali tu. Ukiingia Haram, msikiti mkuu wa Makka, tia ndara kwenye kimfuko ukae nacho. Utatokea mlango mwingine.

"Tukipotezana tutapigiana simu."

Mtandao huelemewa watu wakijaa, na chaji huisha. Chagueni mlango wa Haram wenye namba, kwa mfano wa Mfalme Fahd, namba 79, na muda. Msiseme "karibu na ile saa kubwa", maana mnara huo unaonekana kila upande. Muda nao mkubaliane mnasoma vipi: ratiba ya hoteli ikiandika 9 asubuhi, Mswahili anasema saa tatu, na wapo waliokwishaachwa na basi kwa hilo. Mina hema zote ni nyeupe na zinafanana, kwa hiyo piga picha bango la kambi yenu na namba ya nguzo iliyo jirani siku mnayofika.

"Hedhi imeshaharibu Hija yake."

Mwenye hedhi anafanya yote isipokuwa tawafu. Tawafu ya nguzo, ile ya lazima, anaingoja hadi atwaharike, tawafu ya kuaga anasamehewa. Anayetaka vidonge vya kuchelewesha aonane na daktari miezi kadhaa kabla, avijaribu nyumbani, kwa sababu vinaweza kuleta matone ya damu yasiyotarajiwa.

"Dawa zangu zote kwenye sanduku."

Insulini inaweza kuganda kwenye shehena na kuharibika. Ibebe mkononi, pamoja na dawa za presha, kwenye maboksi yake yenye cheti cha daktari. Dawa kali za maumivu kama tramadol zinadhibitiwa Saudia, usimbebee mtu.

"Kokoto lazima ziokotwe Muzdalifa na zioshwe."

Ziokote popote ndani ya mipaka ya eneo takatifu la Makka, hata Mina, na kuosha hakuhitajiki. Zitakiwazo ni 49, au 70 ukibaki hadi tarehe 13 Mfungo Tatu, kila moja kubwa kidogo kuliko dengu. Ongeza kumi, maana nyingine hudondoka mkononi.