"Kuku wa kienyeji haugui": dhana inayomaliza mabanda

Kati ya yote yanayosemwa kuhusu ufugaji mdogo, hakuna neno lenye hasara kama hili: kuku wa kienyeji ni sugu, chanjo waachiwe kuku wa kisasa. Msemaji huyo huyo akibakiwa na jogoo mmoja bandani, husema umepita upepo mbaya. Haukupita upepo. Kilichopita ni kideri, wengine huuita mdondo.

Ukweli ni kwamba usugu wa kuku wa kienyeji ni wa kustahimili jua, njaa na kujitafutia riziki. Kirusi cha kideri hakiulizi kuku ni wa asili gani. Kikiingia kwenye kundi ambalo halijachanjwa, kinaweza kulimaliza karibu lote kwa siku chache. Kuku huzubaa, huhema mdomo wazi na kuharisha kijani; wanaochelewa kufa hupinda shingo. Pilipili, majivu na shubiri kwenye maji havikigusi. Antibayotiki nayo ni ya bakteria, si ya virusi, kwa hiyo hapo ni kutupa hela. Kideri hakina tiba. Kina chanjo.

Chanjo ya tone la jicho ni rahisi: tone moja, jicho moja, kuku mzima kiafya, awe kifaranga au jogoo. Shika kichupa wima, maana kikilala matone hayalingani. Subiri kuku apepese jicho ndipo umwachie. Tone likimwagika, rudia. Isipigwe na jua, na kichupa kikifunguliwa kitumike siku hiyo hiyo. Fanya kazi hii jioni au alfajiri kuku wakiwa ndani, uchanje wote. Rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4, bila kuruka kwa sababu tu "mwaka huu hawajaugua". Hawajaugua kwa sababu ulichanja!

Hapo ndipo inapozaliwa dhana ya pili, kwamba chanjo inaua kuku. Mtu huona watatu wamezubaa, akakimbilia chanjo, keshokutwa wakafa kumi. Hao kumi walikuwa na kirusi tayari. Kinga huchukua kama wiki 2 kukomaa, kwa hiyo chanjo ya siku ya msiba imechelewa. Wala chanjo ya kideri haizuii ndui. Ndui ina chanjo yake, ya kuchoma kwenye bawa.

Na jamani, kuku aliyeanza kuzubaa asipelekwe mnadani. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyosafiri kijiji hadi kijiji. Waliokufa wachomwe au wafukiwe kwenye shimo refu, mbwa wasifukue. Kuku mgeni akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Na dhana nyingine za bomani ni hizi. "Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu." Nguvu ya kuunguza mizizi, ndiyo. Samadi ya kuku ina amonia nyingi. Irundike na majani makavu, iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, igeuze kila wiki kwa miezi 2 hadi 3. Ikishapoa na kunukia udongo, ndoo ya lita 10 inatosha tuta la mita 1 kwa 3.

"Kuku na mboga havikai boma moja." Vinakaa, vikitenganishwa na uzio wa kimo cha mtu. Anayeruka, mpunguze manyoya ya bawa moja tu. Ukikata yote mawili ataruka bado.

"Mayai humchelewesha mtoto kusema." Hapana. Kuanzia miezi 6 mpe yai lililoiva kabisa, lililopondwa. Kuuza mayai yote ya banda ili mtoto anunuliwe biskuti ni hesabu isiyoeleweka.

"Sungura akinywa maji hufa." Sungura wa kilo 3 huhitaji kati ya nusu kikombe na vikombe viwili kwa siku, na mama anayenyonyesha huzidi hapo, akikosa maji, maziwa hukauka na vitoto hufa kiotani. Kinachomvimbisha tumbo mara nyingi ni majani mabichi yenye umande, au kubadilishiwa chakula ghafla. Majani yakatwe jioni, yatandazwe kivulini yanyauke, apewe asubuhi.