Kongwa na karanga: acheni kuzusha, karanga zinaota

Juzi natoka Dar na basi, tukasimama Kibaigwa, si unajua pale wauzaji wanavyoinua ndoo hadi dirishani hata gari halijatulia. Jamaa niliyekaa naye akanunua karanga za kuchemsha kopo moja, akaanza kumenya huku ananipa somo la historia: "Unaona ukanda huu? Mzungu alimwaga mapesa hapa Kongwa, Dodoma, akashindwa, karanga hazioti huku kabisa." Mama muuzaji alikuwa bado yuko dirishani anasubiri chenji, akamwangalia tu, akasema, "Mwanangu, hizo unazotafuna nimeng'oa mwenyewe juzi, shamba liko hapo nyuma."

Mimi ni mtu wa Kongwa, nikacheka mpaka Mbande niliposhuka. Ila nimechoka pia, maana kila ukijitambulisha unatoka Kongwa mtu anakurushia mojawapo ya hizi stori.

Tuanze na hiyo hiyo ya karanga kutoota. Karanga huku Ugogo, nchi ya Wagogo, zimelimwa kwa jembe la mkono miaka na miaka, na mpaka leo Dodoma ni moja ya mikoa inayotegemewa kwa karanga. Kilichoshindikana ni ule mpango wa Waingereza. Vita ya Pili ya Dunia imeisha, kwao mafuta ya kula na majarini ni shida, mwaka 1946 wakaja na hesabu ya kulima zaidi ya eka milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa mashine. Sehemu zikachaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Kongwa ndo ikatangulia 1947. Mwaka wa kwanza walilenga eka 150,000, wakaishia kusafisha chini ya 8,000.

Kwanini sasa? Udongo wa kwetu una mfinyanzi, ukilowa unalimika vizuri tu, ila mvua ikikata unakuwa sakafu. Mama wa Kibaigwa analijua hilo hata kama hajaenda shule, anawahi kung'oa ardhi ikiwa bado na unyevu, kieneo kidogo kidogo na wanawe. Sasa wewe una maelfu ya eka na unasubiri trekta lililokufa spea, jua likishapiga karanga zimefungiwa chini kama kwenye zege, chuma chenyewe kinalika. Mvua yenyewe ya huku inachagua, inanyesha kwa jirani kwako inapita. Halafu hawakufanya majaribio ya maana kwa misimu kadhaa kwanza, walikurupuka, hapo ndo pa kuwalaumu.

Nyingine: "walileta mashine za kisasa kuliko zote." Wapi! Nyingi zilikuwa chakavu za jeshi zilizobaki vitani, na kuna vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, wakayaita Shervick. Yakaja kukutana na mbuyu. Asee mbuyu wa Kongwa usiuone umesimama kizembe, ndani una uwazi na nyuki wamejaa humo, ukiugonga wanatoka wote. Vichaka walikuwa wanaviburuza kwa mnyororo mzito wa nanga ya meli, umefungwa kati ya matrekta mawili. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikasalimu amri, hasara zaidi ya pauni milioni 35 za enzi hizo.

Na wale wanaosema wenyeji walikaa tu wanashangaa wazungu, siyo kweli. Maelfu walifanya kazi pale, na 1947 hiyohiyo, mwaka ambao mgomo wa bandarini Dar ulisambaa kufuata reli kuja bara, wafanyakazi wa Kongwa nao waligoma. Bei ya chakula ilikuwa imepaa, mshahara umekaa palepale.

Kuna pia wanaoamini huku kulikuwa pori tupu mpaka karanga zilipoleta watu. Hapa nacheka tena. Njia ya misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita ukanda huu, ukitoka Mpwapwa unakata jangwa la Marenga Mkali, maji yake ya chumvi, unaingia Ugogo ukiwa hoi na kiu. Hapo ndo watemi wa Kigogo walikuwa wanakusubiri, hupiti wala huchoti maji kisimani mpaka umetoa hongo, vitambaa, shanga, nyaya. Ilikuwa ushuru halali wa mwenye nchi, inajulikana na inajadiliwa hadharani siku nzima, siyo hongo hii ya chini ya meza.

Vijana wengi hawaamini nikisema treni ilifika Kongwa. Ilifika! Reli ya kati ilishafika Dodoma tangu 1910, wakati wa karanga wakachepusha tawi kutoka Msagali mpaka Kongwa, na miaka ya 1950 wakaling'oa maana hakuna tena cha kubeba. Mji ukabaki na stesheni isiyo na reli.

Na hiyo stesheni ndo inanileta kwenye uzushi mkubwa kuliko wote, kwamba Mandela aliishi Kongwa. Hapana bana. Mandela alipita Tanganyika 1962, mwaka huohuo Agosti akakamatwa kwao na hakutoka jela mpaka 1990. Kambi ya wapigania uhuru Kongwa imeanza 1964, pale kwenye stesheni iliyoachwa, sasa angeishije? Waliokuwepo ni wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, lakini siyo wao peke yao kama wengi wanavyodhani, FRELIMO ya Msumbiji walikuwepo, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, amekaa Kongwa kweli, akiongoza vijana wa FRELIMO, kabla hata hajajulikana. Kwa hiyo mkitaka jina kubwa la kujivunia lipo, hamna haja ya kuazima la Mandela. Na wengine hawakurudi kwao, makaburi yao yapo hapa hapa Kongwa.

Shuleni kwetu kengele ilikuwa kipande cha reli, kimening'inizwa kwa waya kwenye tawi la mbuyu, unakipiga kwa bolti kubwa na sauti inafika mpaka mtoni. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kimetoka wapi, na sisi hatukuuliza, reli yenyewe tuliijua ya Dodoma mjini. Siku moja tumefika asubuhi tukakuta waya tu unacheza na upepo, wamekibeba usiku kwenda kuuza skrepa. Mwalimu wa zamu akapuliza filimbi, tukapanga mstari.