Kununua haibridi yako ya kwanza Lubumbashi: umbo la motokari linakuokolea esanse wapi?

Zamani mteja wa haibridi, gari yenye injini ya esanse na mota ya umeme, alikuwa na swali moja tu: batri ikifa, inakuwaje? Siku hizi wanakuja wamekwisha kusoma. Kijana anafungua simu, ananionyesha Toyota Prius ya mwaka 2009, ya kizazi cha tatu, yenye namba ya ukinzani wa hewa, ile Cd, ya 0.25, halafu ya kizazi cha nne iliyotoka mwisho wa 2015 yenye 0.24. "Yaya, hii ya pili itakunywa kidogo zaidi, si ndiyo?" Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na kabla ya kumjibu namuuliza anakaa wapi na anafanya kazi wapi. Akiniambia komini ya Kampemba na katikati ya mji, yaani hatoki Lubumbashi, namshauri aisahau hiyo namba. Akiniambia anapanda Kolwezi mara kwa mara, basi tuna mazungumzo.

Cd inasema umbo la gari linaipasua hewa kwa ulaini kiasi gani. Peke yake haitoshi, lazima uizidishe kwa ukubwa wa uso wa gari, yaani eneo lote linalokutana na upepo kwa mbele. Ndiyo maana gari refu la mraba linapigwa mara mbili: namba yake ni mbaya na uso wake ni mpana. Halafu kuna mwendo, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma inaongezeka mara nne.

Tuchukue Prius ya 2009 yenye watu wawili ndani, jumla kama kilo 1,600. Kwenye lami nzuri matairi yake yanaizuia kwa nguvu ya nyutoni 150 hivi, uende polepole au haraka, karibu sawa. Hewa nayo, kwa hesabu ya hapa kwetu, ukiwa kilomita 40 kwa saa inaizuia kwa nyutoni kama 35 tu. Kwa 85 hivi hewa na matairi yanalingana. Kwa 100 hewa imefika karibu 220 na ndiyo inayokula esanse yako. Nimesema hesabu ya hapa kwetu kwa sababu Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ni punguzo tunalopewa bure. Injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) inalilipa, maana nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi na kupoteza nguvu kiasi hichohicho.

Sasa ile tofauti ya 0.25 na 0.24. Ukienda 100 kwa saa, bila kusimama, kwenye lami tupu, inakuokolea kama asilimia mbili ya mafuta, yaani desilita moja hivi kwa kila kilomita 100. Mjini haionekani kabisa. Ukitoka lami ukaingia udongo, matairi yanaweza kuzuia mara mbili au zaidi, na hapo hewa haina hata neno la kusema.

Kwa nini basi haibridi inakunywa kidogo mjini? Kwa sababu ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye batri, badala ya kupoteza mwendo wote kama joto. Ukisimama, injini inazima. Ukiondoka polepole, mota inasukuma peke yake. Vipimo vya serikali ya Marekani vinaonyesha jambo hili wazi. Prius ya 2010, ya kizazi hichohicho cha tatu, inatumia takriban lita 4.6 kwa kilomita 100 mjini, na 4.9 kwenye barabara kuu. Ndiyo, mjini inatumia kidogo kuliko safarini. Corolla ya mwaka huohuo, isiyo haibridi, yenye gia ya otomatiki inatumia kama lita 9 mjini na karibu 7 barabara kuu. Ukitoa, mjini unaokoa zaidi ya lita 4 na safarini unaokoa 2. Foleni ya kuingia mjini asubuhi, ile inayokuudhi, ndiyo inayolipa haibridi yako. Barabara ya Likasi, ya kwenda Kolwezi, inailipa kidogo tu, na ni huko ndiko umbo linakuwa na maana.

Lakini umbo lipi? Motokari tunazoziona hapa nyingi zinashuka bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia, zinaingia Kasumbalesa mpakani, na zikifika kwetu kazi ya kuharibu kile mainjinia walichokitafuta inaanza. Prius ya 2009 ya Japani ina milimita 140 tu kati ya tumbo na ardhi. Chini yake kuna vifuniko vya plastiki vinavyoulainisha upepo usigonge eksozi na vyuma vya chini, na mbele ya matairi kuna vibapa vidogo vinavyousukuma upepo pembeni. Tuta la kwanza linavikwaruza. La pili linakata klipu. Mwenye gari anachoka na kelele, anamwambia fundi avitoe vyote, na fundi anavitoa, mara nyingi vinaishia nyuma ya garaji. Kisha spring zinainuliwa ili gari ipite kwenye mashimo. Siwalaumu, barabara ndizo hizo. Ila usilipie 0.25 kwa muuzaji wakati gari imelala hapo bila vifuniko vya tumbo. Lala chini uangalie mwenyewe. Ukiona waya wa kufungia mahali pa klipu, ujue historia yake. Na vifuniko hivyo vina kazi nyingine ambayo kwetu ni kubwa kuliko upepo: vinazuia mawe na maji ya masika yasipige injini kutoka chini.

Kibaya zaidi ni portibagaji ya juu. Mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa kwenda Kasumbalesa kuchukua vitu, alitaka Prius kwa ajili ya upepo, halafu kabla hata hajalipa ananiuliza, "Baba fundi, juu tutaweka vyuma vya kubebea?" Nikamsomea takwimu za Wamarekani: sanduku kubwa butu juu ya paa linaongeza hasara ya asilimia 2 mpaka 8 mjini, na asilimia 10 mpaka 25 kwa mwendo wa 105 mpaka 120 kwa saa. Hilo ni sanduku lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Godoro na magunia yaliyofungwa kwa kamba sijui nani atayapima. Weka mzigo ndani, laza kiti cha nyuma. Na kama biashara yako ni ya mzigo wa juu, nunua gari iliyojengwa kwa mzigo, usiitese haibridi.

Ukilaza kiti, angalia kitu kimoja. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna kiwambo kidogo chenye matundu, watu wengi hawakioni. Feni ya batri inavuta hewa hapo, hewa ya ndani ya gari, kupoza moduli 28, yaani vipande vya batri, zilizo nyuma ya kiti. Nimefungua feni zilizojaa vumbi jekundu limeshikamana kama ngozi kwenye mapanga. Nyingine kiwambo kimefunikwa na mfuko wa unga wa bukari safari nzima. Batri inapashwa moto, inazeeka kabla ya wakati, halafu watu wanasema haibridi haifai Afrika. Hapa lile swali la zamani, kufungua vioo au kuwasha kiyoyozi, linapata jibu lake la Lubumbashi. Kwa upande wa upepo, vioo vilivyo wazi vinavuruga hewa ukiwa kwenye mwendo mkubwa, na polepole haviumizi. Kwa upande wa batri, kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, kwenye barabara ya udongo, funga vioo hata ukienda 20 kwa saa. Washa kiyoyozi: kompresa yake ni ya umeme, inafanya kazi hata injini ikizima.

Kabla ya kulipa, mlete mtu mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Asiridhike na kuona hakuna taa kwenye dashibodi, taa inafutwa kwa dakika moja. Asome volti za moduli jozi kwa jozi, jozi 14, wakati gari inapanda mlima na wakati inarudisha umeme kwenye breki. Jozi moja ikianguka peke yake wakati wenzake wamesimama, hiyo ndiyo batri utakayoilipia. Kwa Prius ya kizazi cha tatu omba injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi. Ikitetemeka sana inapowaka na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, shuku gaskiti ya kichwa cha silinda, ile inayozuia maji yasiingie ndani ya silinda. Muuzaji akikuambia ameipasha moto tayari kwa ajili yako, rudi kesho yake.

Kuhusu mwendo, kuna madereva wanaojisifu kwamba wanajibana nyuma ya lori la shaba ili upepo usiwapige. Kivuli cha upepo kipo kweli, lakini wengi tuna usukani wa kulia katika nchi inayopita mkono wa kulia. Nyuma ya lori huoni kitu, na kioo cha mbele kinalipwa kwa dola. Punguza mwendo mpaka 80 au 90: unaokoa esanse bila kujibana nyuma ya mtu, na unafika Likasi nyuma ya yule wa 110 kwa robo saa mpaka dakika ishirini na tano hivi.

Yule kijana wa 0.24 anakaa Kampemba. Nimemwambia achukue ya kizazi cha tatu kama jozi zake zote 14 zimesimama, na bei iliyobaki aiweke akiba ya batri na matairi mazuri yenye upepo ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango.