Panya kupona si mtu kupona

“Dawa ikizuia saratani kwa panya, na sisi tumepona.” Hoja hii ni ya zamani, na hapa Moshi utaisikia kuanzia foleni ya dawa hadi soko la Mbuyuni, siku hizi ikihusu vidonge vya kuzuia homoni na saratani ya utumbo mpana.

Tuangalie jaribio lenyewe. Ili wapate uvimbe wa utumbo, panya wa maabara huchomwa sindano ya kemikali iitwayo azoksimethani, au huzaliwa na jeni ya APC (ile inayozuia seli kuota ovyo) iliyoharibika. Hao wa pili huota vinyama (uvimbe mdogo unaoweza kugeuka saratani) hasa kwenye utumbo mwembamba. Kwetu ugonjwa hushika zaidi utumbo mpana. Tena panya hao ni wa ukoo mmoja, wanakula chakula kilekile. Majirani wawili wa Majengo hawafanani hivyo hata kidogo.

Homoni nazo zina vituko. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, huzuia homoni ya kike iitwayo estrojeni kwenye titi, lakini kwenye mji wa mimba huiga estrojeni hiyohiyo. Na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2004 ulikuta kwamba wanawake walioongezewa estrojeni na projestini, homoni nyingine ya kike (walioongezewa, si waliozuiwa!) walipata saratani ya utumbo mpana kwa uchache kuliko wenzao, ingawa waliougua waligundulika ikiwa imeenea zaidi.

Kwa hiyo panya anatuonyesha tu dawa ipi inastahili kujaribiwa kwa watu. Ukiona damu kwenye haja kubwa, kapime. Kinyama kikionekana kwa kamera inayoingizwa utumboni hukatwa kabla hakijawa saratani, na hilo limethibitishwa kwa binadamu.