Ujenzi upya wa kibofu cha mkojo: maana yake na uhusiano wake na figo iliyopandikizwa

Tangu mwaka 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya hapa Dodoma ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo kwa kushirikiana na madaktari kutoka Japani, habari za kupandikiza figo zimezoeleka hata vijiweni, lakini ni nadra mtu kuuliza mkojo wa figo hiyo mpya unakwenda wapi. Figo iliyopandikizwa huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na mrija wake hushonwa kwenye kibofu cha mgonjwa mwenyewe. Kibofu kikiwa kibovu, figo nzima itakuwa imeunganishwa na chombo kitakachoiharibu taratibu.

Ujenzi upya wa kibofu ni upasuaji wa kukipanua kibofu kilichoharibika, au kuunda kingine mahali pake, ili kiweze tena kuhifadhi mkojo kwa usalama. Aliyewahi kusimama karibu na wachinjaji siku ya mnada wa Msalato huenda amewaona watoto wakipuliza kibofu cha mbuzi kilichotolewa muda huohuo: mwanzoni kimesinyaa kama glavu iliyolowa, kisha hutanuka kama puto mpaka ukuta wake unapitisha mwanga. Kutanuka huko ndiko kunakomwezesha mtu mzima kuhifadhi takribani mililita 400 hadi 500 za mkojo bila shinikizo la ndani kupanda. Kibofu kilichokakamaa kwa sababu ya kichocho cha muda mrefu, kifua kikuu cha njia ya mkojo, au hitilafu za neva za mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, hakitanuki hivyo. Shinikizo hupanda, mkojo hurudi juu, na figo huumia.

Majaribio kwa wanyama yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1888 Waitaliano Tizzoni na Foggi walitumia kipande cha utumbo kujenga kibofu cha mbwa, na mwaka 1902 Emerich Ullmann alihamisha figo ya mbwa jijini Vienna, miaka 52 kabla ya upandikizaji uliofanikiwa baina ya mapacha wawili huko Boston. Utumbo bado ndio hutumika zaidi hadi leo, ingawa si kibofu na hausahau kazi yake ya asili: hutoa ute, na hufyonza kutoka kwenye mkojo chumvi na asidi ambazo figo ilikwisha kuzitoa. Mwenye figo moja ya kupandikizwa hana akiba kubwa ya kuhimili mzigo huo, na mara nyingi hulazimika pia kujitoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku.

Ndiyo maana watafiti walitafuta njia ya kukuza kibofu kutokana na seli za mwenyewe. Mwaka 1999, kundi la Anthony Atala nchini Marekani lilieleza jinsi seli za mbwa zilivyopandwa juu ya kiunzi kinachoyeyuka chenye umbo la kibofu, kisha kikarudishwa kwa mbwa yuleyule. Vibofu hivyo vilifikia wastani wa asilimia 95 ya ujazo wa awali, ilhali kiunzi kisicho na seli kilifikia asilimia 46. Mwaka 2006 matokeo ya wagonjwa saba yalitia matumaini, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto na vijana kumi wenye mgongo wazi, haukuonyesha nafuu, na madhara makubwa yalizidi kiwango kinachokubalika. Kwa maoni yangu, utafiti huo unapaswa kutajwa kila mara wale mbwa wanaposifiwa, kwa kuwa mbwa wale walikuwa na vibofu vizima kabla ya kukatwa, na seli zao hazikuwa zimeishi miaka mingi ndani ya ukuta mgonjwa.

Panapokuwa na upandikizaji wa figo, mpangilio wa kazi nao huwa mgumu. Kibofu kikijengwa mapema kwa mgonjwa asiyetoa mkojo, hubaki kikavu na kinaweza kusinyaa. Kikijengwa baadaye, mgonjwa tayari anatumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, ambazo huchelewesha vidonda kupona na kukaribisha maambukizi.

Mwezi Mei 2025, madaktari wa Los Angeles, baada ya kujizoeza kwa nguruwe na kwa miili ya watu waliofariki, walimpandikizia mtu mmoja figo na kibofu kutoka kwa marehemu, figo ikitangulia, katika upasuaji wa takribani saa nane. Figo ilianza kutoa mkojo mara moja. Mishipa ya damu ya kibofu iliunganishwa. Ya fahamu haikuunganishwa.