Barua ya kuthibitishwa kazini haijibu swali la kazi ya maisha

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu mhasibu wa halmashauri moja, kaka wa miaka thelathini na saba. Akaketi, akafungua bahasha ya kaki na kutoa barua yake ya kuthibitishwa kazini. Alikuwa ameipeleka steshenari ikatiwa laminesheni. Mhuri wa zambarau wa mkurugenzi ulikuwa unasomeka vizuri kabisa chini ya plastiki, kingo za karatasi zimeshaanza kuwa njano.

"Dada, kazi ya maisha mimi nimeshapata," akaniambia. "Nina ajira ya kudumu. Ninachotaka unisaidie ni hiki kichwa kinachoniuma kila Jumapili jioni."

Nina miaka kumi na minne nikiwashauri watu kuhusu kazi, na kabla ya hapo nilikuwa afisa utumishi kwa miaka minane. Sentensi hiyo naisikia kwa walimu, kwa wauguzi, kwa watu wa benki, na kwa wazazi wanaokuja kuwasemea watoto wao wenye miaka thelathini. Inanikera, kwa sababu anayeisema huwa ameshaacha kujiuliza. Ndiyo maana leo naijibu kwa urefu, na kauli nyingine kama hiyo ninazozisikia nitazipitia haraka.

"Nina ajira ya kudumu, kwa hiyo hii ndiyo kazi yangu ya maisha"

Neno "kudumu" kwenye barua ile linaeleza mkataba, basi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inatambua mikataba ya aina tatu: usiotaja muda wa mwisho, wenye muda maalumu, na wa kazi maalumu. Huo wa kwanza ndio tunaouita wa kudumu. Maana yake hauna tarehe ya mwisho. Mwajiri mwenye sababu halali aliyefuata utaratibu anaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na wewe unaweza kuondoka kwa notisi hiyo hiyo. Nilipokuwa afisa utumishi niliandika barua za kuthibitisha watu na barua za kupunguza watu kwenye kompyuta moja, wakati mwingine kwa jina lile lile, miaka michache tu katikati. Hakuna mstari hata mmoja katika barua hizo unaouliza kama kazi yenyewe inakufaa.

Watazame watu wa dirishani benki. Aliyeajiriwa mwaka 2005 alikuwa anahesabu noti kutwa, jioni anafunga hesabu, zikilingana anakwenda nyumbani roho nyeupe. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania. Mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa uwakala wa benki, na foleni kubwa ikahamia kwenye vibanda vya mawakala mtaani. Wengi niliokutana nao hawakufukuzwa. Mkataba ulibaki vile vile, majukumu ndiyo yaliyogeuka: sasa anatakiwa atafute wateja, auze mikopo na bima, afikishe tageti ya mwezi. Mtu aliyependa utulivu wa kuhesabu amejikuta muuzaji, na barua yake bado inasema "kudumu".

Kwa nini basi imani hii haitoki? Kwa maoni yangu ni mkopo. Barua ya kuthibitishwa ndiyo inayofungua mlango wa mkopo wa mfanyakazi. Unapeleka barua, unapeleka slipu ya mshahara, mwajiri anagonga mhuri, na marejesho yanakatwa kabla fedha haijafika mkononi mwako. Kwa mtumishi wa umma kinga ni kanuni ya theluthi moja, kwamba makato yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Watu wanaisoma kanuni hiyo kama ruhusa ya kukopa mpaka kwenye huo mstari. Anachukua mkopo wa miaka sita ajenge, mwaka wa tatu anaongezea kwa ajili ya bati na madirisha, muda unaanza kuhesabiwa upya. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakwenda huko pia.

Slipu ya yule mhasibu tuliisoma pamoja mstari kwa mstari. Benki. Bodi. Mfuko wa pensheni asilimia 5. Bima ya afya. Chama cha wafanyakazi. Kilichobaki kilikuwa theluthi na kidogo juu yake. Nikamuuliza, "Kaka, mkopo huu ungekuwa umeisha jana, kesho ungekwenda kazini?"

Alinyamaza. Akaikunja ile slipu mara mbili, akasema, "Ningekwenda wiki hiyo moja, kukabidhi ofisi."

Basi tulikuwa tumepata maelezo ya kichwa cha Jumapili. Miaka yote aliamini ameamua juu ya kazi yake ya maisha, kumbe aliyeamua ni ratiba ya marejesho. Sisemi watu wasikope, nyumba haijengwi kwa kusubiri. Nasema, na nimegombana na wenzangu kwa kusema hivi: usichukue mkopo mrefu kuliko uhakika ulionao juu ya kazi inayoulipa. Kama huna hakika utakuwa hapo miaka mitatu ijayo, kopa wa mwaka mmoja na nusu, ujenge chumba na choo, usimamie hapo kwanza.

Jibu lenyewe unalipata kwenye majukumu, na majukumu ninayasoma kwenye daftari. Kila anayekuja kwangu namwagiza anunue daftari dogo na kwa wiki nne aandike kila jioni mambo matatu: kazi iliyokula muda mwingi leo, mahali ambapo muda ulipita bila yeye kutazama saa, na kazi aliyoisogeza mpaka kesho. Aandike kitendo. "Nimechoka" haliniambii chochote. "Nimepiga simu kumi na nne kwa wadaiwa, tatu zimepokelewa" linaniambia mengi.

Afisa mikopo mmoja, dada mwenye miaka tisa kazini, aliniletea daftari lenye alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Alikuja akiwa ameshaamua kwamba anaichukia benki. Wiki ya pili ameandika hivi: "Jumanne. Mama wa mchele, Tandale. Nimemchorea safu mbili, mtaji na faida. Kumbe alikuwa anakula mtaji. Nimetoka saa nane, nilidhani ni saa sita." Tukahesabu. Katika wiki nne alisahau saa siku tisa, na saba kati ya hizo alikuwa anamfundisha mtu kutunza hesabu. Kazi alizosogeza mpaka kesho karibu zote zilikuwa simu za kudai marejesho. Benki hakuiacha. Aliomba kuhamia kitengo kinachowafundisha wateja wadogo, akakataliwa, akaomba tena mwaka uliofuata akapata. Kama ni kazi yake ya maisha hajui bado, ameanza daftari jingine.

"Siwezi kuivumilia, kwa hiyo taaluma si yangu"

Hii ni ya upande wa pili, na ninaisikia zaidi kwa vijana wenye miaka miwili mitatu kazini. Mara nyingi aliyechoka amechoka na kituo au na mkubwa wake wa kazi. Muuguzi mmoja alitaka kuacha uuguzi kabisa akauze vitenge. Daftari lake lilijaa zamu za usiku zilizofuatana na ugomvi na muuguzi mfawidhi. Kuhusu wagonjwa hakulalamika hata mara moja. Wodi ya watoto ndiko alikosahau saa. Huyo alihitaji uhamisho. Kabla hujaitupa taaluma jiulize: kazi hii hii, kituo kingine, chini ya mtu mwingine, ningeifanya? Ukijibu ndiyo, andika barua ya uhamisho na uifuatilie kila wiki. Sekta binafsi hakuna uhamisho wa aina hiyo, huko omba kazi ile ile kwa mwajiri mwingine.

"Kazi ya maisha ni wito, ukikutana nayo moyo utakuambia"

Moyo hauna habari na kazi ambayo mikono haijawahi kuifanya. Walimu wazuri kadhaa ninaowafahamu waliingia ualimu kwa sababu alama zao za kidato cha sita ziliwaelekeza huko, na miaka miwili ya kwanza walihesabu siku. Mapenzi yalikuja baada ya kuimudu kazi, mtoto wa kwanza aliposhindwa kusoma mpaka akasoma mikononi mwao. Sheria inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Chukua wiki moja katika hizo ukakae na mtu anayeifanya kazi unayoiota. Fika saa anayofika, beba anachobeba, muulize anachochukia. Nimeona watu wawili wakirudi kutoka kwenye shamba la kuku siku ya nne, wamepona kabisa hamu ya ufugaji, na nimeona mmoja ambaye hakutaka kurudi.

"Nilisomea hiki" na "umri umenipita"

Zote mbili kwa mkupuo. Ada uliyolipa chuoni imeshalipwa, hairudi ukibaki wala ukiondoka. Kinachobaki nawe ni ujuzi, na huo unahamishika kuliko unavyodhani. Mhasibu anayejua kusoma hesabu za mradi anahitajika mahali pengi pasipoandikwa "mhasibu" mlangoni.

Kuhusu umri, tangazo la kawaida la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma linamtaka mwombaji asizidi miaka 45. Piga hesabu: kutoka 45 mpaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, ni miaka 15, yaani miezi 180, ambayo ndiyo michango inayotakiwa ili ulipwe pensheni ya kila mwezi. Mtu wa miaka 33 anayeniambia amechelewa namrudisha kwenye namba hizo. Ana miaka kumi na miwili kabla mlango huo haujafungwa, na sekta binafsi na shughuli yako mwenyewe hazina mlango huo kabisa.

"Nikiacha nitachukua michango yangu nianzie biashara"

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu wanaumia. Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ya pensheni ukiacha kazi, liliondolewa katika mageuzi ya mwaka 2018, yaliyounganisha mifuko ya pensheni na kuanzisha PSSSF kwa watumishi wa umma na kuiacha NSSF na sekta binafsi. Badala yake likaja fao la upotevu wa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Na ni la mtu aliyepoteza kazi. Aliyeandika barua ya kuacha kwa hiari yake halimhusu. Nimemwona baba wa watoto watatu aliyekwishalipia fremu ya duka kwa mwaka mzima akitegemea fedha hizo. Alikuja kwangu siku ya tatu baada ya notisi yake kuisha, na hakuna nilichoweza kufanya.

Kiinua mgongo ni hivyo hivyo. Sheria inasema mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka kumi, mwajiri anapokuachisha. Hata ukiachishwa baada ya miaka ishirini, hizo ni siku 70 tu, na ukiacha mwenyewe sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa.

Michango haipotei, inabaki kwenye akaunti yako katika mfuko wa pensheni. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, omba taarifa ya michango yako, hesabu miezi iliyoingia, na uhakikishe mwajiri hakuruka hata mmoja. Mwezi ulioruka unadaiwa kirahisi ukiwa bado upo ofisini.

Yule mhasibu alifanya hivyo. Daftari lake la wiki nne lina siku mbili tu za kusahau saa, na zote mbili alikuwa kijijini kwenye ukaguzi wa mradi wa maji, anawauliza mafundi bomba maswali ambayo fomu yake haikuyahitaji. Anataka usimamizi wa miradi ya maji, na tumeanza kuangalia ni mafunzo gani ya jioni anayoweza kuyabeba. Taarifa ya mfuko inaonyesha miezi 132 ya michango, kwa hiyo amebakiza 48 kufikia 180. Mkopo wa benki umebakiza miezi 31, na ameniahidi hatauongezea. Tumeandika 31 na 48 kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, na kila mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, anafuta namba hizo na kuandika nyingine zilizopungua moja.