Kobe 2,000, wazazi 15

Nikisikia kwamba kobe fulani wameongezeka, huwa nauliza: wametoka kwa wazazi wangapi? Wenzangu wanaoshinda porini huniona mnoko.

Tazama kisiwa cha Española, katika visiwa vya Galápagos vya Ekuado. Kati ya 1963 na 1974 kobe waliobaki walikusanywa ili wazalishwe kizuizini: majike 12 na madume 2. Baadaye akaongezwa Diego, dume kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Mradi ulipofungwa mwaka 2020, kisiwa kilikuwa na takriban kobe 2,000. Ni ushindi, sibishi. Ila vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba Diego alizaa kama asilimia 40 ya watoto, na waliosalia karibu wote ni wa dume mwingine mmoja. Wa tatu hakuambulia kitu. Piga hesabu: chukua wawili wowote kati ya watoto hao, na uwezekano kwamba ni wa baba mmoja ni karibu nusu.

Hasara ya undugu wa namna hii huonekana wazi zaidi kwa nyoka. Huko Smygehuk, kusini mwa Uswidi, kulikuwa na kundi dogo la Vipera berus, binamu wa kifutu, lililozingirwa na mashamba kwa muda mrefu. Nyoka huyu hatagi, huzaa. Na watoto wengi walikuwa wakizaliwa wafu au wamelemaa. Mwaka 1992 watafiti walileta madume 20 kutoka kwingine, wakawaacha misimu minne ya kujamiiana, kisha wakawarudisha kwao wale 8 waliokuwa hai. Miaka michache baadaye vijana wakafurika. Kilicholetwa pale ni mbegu ya wageni tu.

Kwa bahati, reptilia hawasumbui maabara. Chembe nyekundu za damu yao zina kiini, tofauti na zetu, kwa hiyo tone moja lina DNA tele. Nyoka usiyetaka kumshika? Gamba alilojivua linatosha, mradi halijakaa wiki nzima juani na mvuani. Nimeshaletewa magamba yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni yakiwa mabichi, yakafika yameota ukungu. Tumia bahasha ya karatasi, tafadhali.

Vinasaba vimetufundisha pia kutowadharau chotara. Kobe wa kisiwa cha Floreana, hukohuko Galápagos, walidhaniwa wametoweka tangu katikati ya karne ya 19. Kisha kwenye volkano ya Wolf, kisiwa cha Isabela, wakaonekana kobe wenye gamba la umbo la tandiko kati ya wenyeji wenye gamba la kuba. DNA yao ililinganishwa na ya mifupa ya makumbusho: walikuwa na damu ya Floreana. Sasa baadhi yao wanazalishwa, na makundi ya kuzaliana yalipangwa kwa kuangalia vinasaba vyao, si umbo la gamba tu.